Sahihi Ukurasa wa Pili

Karani alikuwa amestaafu miaka mingi kabla sijahamia Amalemba, lakini saa mbili kasorobo kila asubuhi alikuwa langoni mwake amevaa koti, tepu ya kupimia imening'inia kwenye mkanda, akiitazama barabara kama mtu anayengoja imwombe ruhusa ya kupita. Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Watu wa huku hupenda kuanzia hapo, wewe ni wa nani, mama yako alitoka kwa akina nani, ila yeye ukimwuliza hayo alikuuliza ploti yako ni namba ngapi. Alikuwa amefanya kazi ofisi ya mipango ya mji tangu enzi za baraza la zamani, na jina la kazi lilimganda hata mkewe akawa anamwita hivyo. Nami nitamwita hivyo hivyo, ingawa yapo majina mengine niliyoyafikiria.

Tulipakana kwa ua wa michongoma kwa miaka kumi na mitatu. Nilijua kikohozi chake cha asubuhi na kile cha kumwita mtu. Nilijua kwamba hali obusuma, ugali wa huku kwetu, uliopoa, kwamba kalamu zake hukaa mfuko wa kushoto zikiwa tatu, ya bluu ya kuandikia, nyeusi ya kuchorea na nyekundu ya kumkosoa mtu mwingine. Nilidhani hiyo ni kumjua mtu.

Kutembea naye hadi mjini ilikuwa adhabu, maana alisoma kila bango kwa sauti. Kinyozi, duka la dawa, kanisa jipya, fundi wa simu, yote aliyasoma kana kwamba mimi sikwenda shule, kisha akasimama kuyahukumu. "Hili limetoka nje ya ukuta futi tatu. Likianguka litamwangukia nani? Mwenye duka yuko ndani." Hakuwa na mamlaka yoyote wakati huo, lakini wenye maduka walitoka kumsalimia kwa mikono miwili. Kulikuwa na mwenye bucha aliyetundika ng'ombe wa bati mlangoni, mzuri kweli, na pembe zake zikachomoza juu ya njia ya watu. Karani alipima, akatikisa kichwa, akaenda zake bila neno. Jioni ile mwenye bucha akapanda ngazi na msumeno. Mpaka leo yule ng'ombe hana pembe, na watu wakikuelekeza mahali wanasema, pita pale kwa ng'ombe wa Karani.

Alicheka sana nilipomwambia hivyo. Alikuwa na kicheko cha mtoto, kinachoanza kabla hujamaliza. Nakitaja kwa sababu nimeapa kusema yote, hata yale yanayoniuma kuyasifu.

Kazi yake ya ustaafu ilikuwa kuandikia watu maombi. Mtu akijenga banda la gari likasogea barabarani kuliko inavyoruhusiwa, au akitaka kuweka bango mahali pasipo na maduka, hawezi kujiamulia. Anaandika ombi ofisini, anaambatanisha mchoro na barua za majirani kwamba hawana neno, kisha tangazo linabandikwa langoni kwake siku kumi na nne ili mwenye kupinga apinge. Siku zikiisha bila pingamizi, mara nyingi ombi hupita. Ni mambo ya kawaida, lakini mtu wa kawaida akishika ile fomu mkono unaanza kutoka jasho. Basi walikuja kwa Karani. Walikuja kutoka Lurambi na Shinyalu, na mara moja alikuja mzee wa Butali aliyetaka kuezeka banda la trekta mbele ya nyumba.

Namkumbuka mama mmoja wa Shinyalu mwenye kinu cha kusaga. Alikaa kwenye varanda ya Karani na kuku mapajani.

"Mimi nataka kibao tu," alisema. "Watu wanapitanga na mahindi yao wanaenda kusagia kwingine. Hawajui niko."

"Kibao kisimame wapi?"

"Hapo kwa balabala."

"Barabara ni ya nani?"

"Ya watu wote, Karani."

"Basi watu wote watakupinga. Sema kitasimama ndani ya ua wako, kitazame barabara. Kutazama si kosa."

Akaandika hivyo, na ombi likapita. Pesa hakuchukua. Hakuchukua hata shilingi kwa mtu, na hilo lilimpa sifa mtaani kuliko mchungaji. Lakini yule kuku hakurudi Shinyalu. Alipokelewa na mkewe, na Karani aligeuza uso upande mwingine wakati akipokelewa, kwa hiyo hakuona kitu.

Alikuwa na misemo yake, nami niliimeza yote. "Ombi halitembei kifua mbele." Maana yake, andika ukiwa umeinama, hata kama haki ni yako. "Mchoro mchafu ni ushahidi dhidi yako." Na ule nilioupenda zaidi, "Pingamizi bila jina ni umbea." Huo aliutamka mbele yangu siku jirani wa nyuma alipokuja kumwomba aandike barua ya siri dhidi ya mtu aliyekuwa akijenga gereji. Karani alimsindikiza hadi langoni akiwa amemshika kiwiko. "Ukiwa na neno, liandike na ulitie sahihi," alimwambia. "La sivyo nenda ukalimwage sokoni pamoja na mengine." Nilikuwa nimesimama upande wangu wa ua na nguo za kuanika mkononi, nikajiambia, huyu ndiye mtu.

Kulikuwa na jambo jingine katika utendaji wake ambalo wakati huo niliona ni unadhifu tu. Barua zake zote alizipanga kwa kurasa mbili. Maelezo na vipimo vilijaa ukurasa wa kwanza, na sahihi zikakaa ukurasa wa pili, peke yake, chini ya mstari mmoja unaosema tumesoma na tumekubali. Hata barua iwe ya mistari sita, sahihi lazima zivuke. Nilimwuliza mbona anaharibu karatasi.

"Nikikosea vipimo ninabadilisha ukurasa wa mbele," alisema. "Sisumbui watu wasaini tena. Mtu mzima akisaini mara mbili anaanza kusoma."

Tukacheka wote wawili.

Mkewe sisi tulimwita Mama, bila kuongeza kitu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Kila alasiri alikaa kwenye ile varanda yenye sakafu nyekundu ya kung'aa, akichambua maharagwe na redio ikisema pembeni. Mume wangu alipofariki, Mama ndiye aliyeniletea uji siku arobaini, asubuhi kwa asubuhi, akiupitisha juu ya ua kwa sababu kuzunguka langoni ni mbali kwa miguu yake. "Mwana wanje, kunywa," alisema, yaani mwanangu, na akasubiri akiangalia mpaka kikombe kitoke tupu. Kila nitakalosema kuhusu mumewe linapita kwanza mbele ya kikombe kile.

Ile varanda yao ilitokeza sana mbele. Ukisimama barabarani uliona nyumba zetu zote zimekaa kwenye mstari mmoja, isipokuwa hiyo iliyonyoosha miguu. Sikuwahi kuuliza ina futi ngapi. Nani humpima daktari homa?

Sasa nifike kwangu. Mume wangu alijenga banda la gari pembeni ya nyumba, karibu na lango, la matofali na mabati, kwa ajili ya pikapu yake. Baada ya yeye kuondoka, pikapu iliuzwa na banda likabaki. Nikaweka cherehani mle ndani, nikaweka meza ya kukatia na dirisha la kupokelea wateja. Nilishona sare za shule na nguo za kwaya, na mwanangu wa kike akasoma kwa lile banda. Halikuwa na kodi, halikuwa na nauli. Nilikuwa nikishona huku nyama ikichemka jikoni. Kisha nikafanya kosa la kutaka kuonekana. Nilimpa mchoraji ubao mpana, akaandika kwa rangi ya buluu, USHONAJI WA SARE NA NGUO ZA KANISA, na nikautundika juu ya ua. Haukumaliza mwezi kabla kanjo, wale askari wa baraza, hawajafika. Walipiga alama ya X nyekundu ukutani, kubwa, inayotiririka, na kusema nina siku thelathini. Niombe ruhusa ofisini, au wabomoe.

Nilikwenda kwa Karani siku ile ile nikilia. Alinipa kitambaa chake.

"Fundi, hiyo ni rangi," alisema. "Rangi inapakwa juu ya rangi."

Asubuhi yake alikuja na tepu na jembe. Sheria ilitaka jengo liwe futi ishirini kutoka mpakani. Mbele ya ploti yangu, nje kidogo ya ua, ulikuwepo mti wa lusiola uliopandwa na mzee aliyekuwa na shamba lile kabla halijakatwa ploti. Huku kwetu lusiola ndiyo mpaka. Mtu akiuza, akigawa, akigombana na nduguye, wazee husimama kwenye lusiola. Lakini wapimaji wa serikali walipokuja baadaye waliweka bikoni, lile jiwe la saruji lenye chuma katikati, na waliliweka ndani zaidi kuliko mti. Karani alijua liliko. Alichimba mara tatu tu, likatokea. Akapima kutoka hapo hadi banda langu, kimya, akaandika kwenye kiganja. Kisha akarudisha udongo na kuukanyaga kwa kiatu.

"Hiki tukiache kilale," alisema.

"Si ndiyo mpaka, Mzee?"

"Mpaka wa watu ni mti. Barabara nzima hii imepimiwa kwenye miti, na hakuna aliyekufa. Tukipima kwenye mti unapungukiwa futi mbili. Futi mbili watakusamehe."

Nilijua, nusu nusu, kwamba hapo kuna kitu kimepindishwa. Sitajifanya mtakatifu. Lakini nilikuwa na X ukutani, na aliyeshika tepu ndiye mtu aliyemkata ng'ombe pembe bila kusema neno. Nilishika ncha ya tepu kwenye gome la lusiola, naye akaivuta hadi bandani na kusoma, futi kumi na nane. Akaandika ombi, la banda na la bango pamoja. Akachora mchoro safi. Akaenda nyumba kwa nyumba na ukurasa wa pili, akarudi na sahihi sita, yake ikiwa ya kwanza.

Tangazo likabandikwa langoni kwangu. Nilihesabu zile siku kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Siku ya tisa Karani alinipitishia gazeti juu ya ua na kuniambia nilale usingizi. Siku ya kumi na mbili Mama aliniuliza kama nitamshonea gauni la Pasaka mle mle bandani, nami nikamwambia njoo tukupime. Siku ya kumi na tano nikaitwa ofisini.

Ofisa alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema ombi limekataliwa kwa sababu ya pingamizi moja. Akaanza kulisoma. Mwombaji amepima kutoka mti badala ya bikoni. Mwombaji analijua jiwe na amelifukia. Umbali halisi ni futi kumi na tatu na inchi nne.

Nilipigwa na zile inchi. Futi mtu anaweza kukisia akiwa amesimama barabarani. Inchi nne zilikuwa zimeandikwa kwenye kiganja kimoja tu duniani.

"Nani ameandika?" nikauliza, na nilikuwa nimeshajua.

Aligeuza ukurasa. Sahihi ilikuwa ukurasa wa pili, peke yake, kwa wino wa bluu. Kusaini alikuwa amesaini. Pingamizi bila jina ni umbea.

"Si mje mpime wenyewe," nilimwambia yule kijana. "Njooni mpime barabara nzima."

"Kwa kawaida tungekuja, mama," akasema. "Lakini hapa vipimo viko kamili, na wewe mwenyewe hukatai jiwe lipo. Hakuna haja ya kutoka."

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Nilipofika kwenye kona yetu niliona nyumba zimekaa kwenye mstari wao, na ile varanda imenyoosha miguu, na hapo ndipo jambo lote likanifungukia. Ombi langu lingeendelea, wangekuja na tepu yao kupima banda. Wangelifukua jiwe langu, na la kwake liko hatua chache kando, kwenye mstari huo huo. Alihitaji niangushwe kwa karatasi kabla mtu hajatoka ofisini. Na mwanzoni kabisa, siku ya jembe, alipima kwenye bikoni ili ajue, akapima kwenye mti ili mimi nisiwe na pa kusimama. Sijui kama aliyapanga yote siku ile au hofu ilimjia baadaye. Nimeshinda miaka nikimtafutia hilo la pili.

Nilikwenda kwake moja kwa moja. Walikuwa kwenye varanda, yeye na Mama, na birika mezani.

"Fundi, karibu chai," alisema.

Mama akanisogezea kiti. Niliketi. Nilikunywa chai ile yote, kwa sababu Mama alikuwa ananiangalia kama nitamaliza. Hakujua kitu, ungeona usoni. Karani alipoinuka kunisindikiza nikamkabili langoni.

"Uliandika."

"Niliandika yote mawili, ombi na pingamizi," alisema taratibu. "Sikukuficha jina."

"La kwanza lilikuwa na uongo, na uongo ni wako. Wewe ndiye ulinipeleka kwa mti."

"Ndiyo maana nikalisahihisha."

Alilisema bila kebehi, kama mtu anayemweleza mwanafunzi jibu. Nilitaka kumpiga. Nilishika lile lango lake kwa mikono miwili mpaka likaniachia kutu viganjani.

Walibomoa banda asubuhi moja ya mvua. Niliokoa cherehani, dirisha na ubao. Nikapata kibanda sokoni mjini, kidogo, kati ya wauza viatu, ambapo umeme unakatika nguo ikiwa chini ya sindano. Ule ubao niliulaza juu ya mapipa mawili, maandishi chini, nikawa nakatia juu yake. Watu wa mtaa walinipa pole, kisha wakaendelea kwenda kwa Karani na kuku wao. Hilo lilinichoma kama lile la kwanza. Jirani mmoja aliniambia, "Lakini si ni kweli ulipimia kwa mti?" Yeye mwenyewe gereji yake imepimiwa kwenye mti.

Ningependa kusema nilimchukia kikamilifu. Haikuwezekana. Mvua ikinyesha bado alikuja kuinua nguo zangu kwenye kamba nikiwa sokoni, na kuzikunja kwa pembe zilizokutana, na kuziacha barazani. Alifanya hivyo miaka minne bila kusema. Nami miaka minne nilizifua upya kabla ya kuzivaa.

Kisha Mama akapooza upande mmoja. Ilikuwa ghafla, akichambua maharagwe. Alirudi kutoka hospitali kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umevutika kidogo, macho yale yale. Kila wiki alipaswa kurudi kwa mazoezi, na kila wiki vijana wanne walimbeba kutoka varandani hadi barabarani kwenye matope, akiwa amefumba macho kwa aibu.

Karani alikuja kibandani kwangu sokoni. Hakuwahi kufika pale. Alisimama nje akisoma bango la muuza viatu kwa mdomo bila sauti, kisha akaingia na kuvua kofia. Alikuwa amekonda. Tepu ilikuwa kwenye mkanda, na mkanda ulikuwa umetobolewa tundu jipya.

"Fundi," alisema, "nataka kujenga banda la gari, mbele ya varanda. Na njia ya mteremko. Gari liingie mpaka alipo, apande akiwa amekauka. Ofisi inataka jirani wa kupakana aseme hana neno."

Akaweka barua mezani, juu ya mgongo wa ubao wangu. Kurasa mbili. Sehemu ya umbali ilikuwa haijajazwa.

"Kwa nini umeacha wazi?"

"Nilitaka nijaze mbele yako."

Niliweka mkasi chini. Niliyajua maneno yangu kwa miaka minne, nikayasema. "Nitasaini, kwa ajili ya Mama. Lakini utaandika umbali kutoka bikoni. Wa hilo banda na wa varanda pia. Kwa mkono wako, futi na inchi. Wakija kupima, waje."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Kisha akatoa kalamu ya bluu. Hakuhitaji kupima, vipimo alikuwa navyo kichwani miaka yote hiyo. Aliandika, mkono ukimcheza, varanda, futi kumi na moja na inchi mbili kutoka bikoni. Akaandika na la banda. Machozi yalimtoka yakaenda kukaa kwenye ndevu.

"Nilikufanyia vibaya," alisema. "Niliogopa wataivunja. Yeye angekaa wapi?"

Hivyo tu. Nilikuwa nimengoja maneno hayo kwa muda mrefu kiasi kwamba yalipokuja sikuyakagua. Nilivuta ukurasa wa pili nikasaini, kwa herufi kubwa, jina langu lote. Alizikunja karatasi kwa pembe zilizokutana. Nikamsindikiza mpaka nje ya soko nikiwa nimemshika mkono, na nilifunga kibanda mapema siku hiyo, nikanunua samaki. Nilijisikia mwepesi. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo sehemu inayoniaibisha kuliko zote.

Tangazo lilibandikwa langoni kwao wiki iliyofuata, pamoja na nakala ya barua za majirani ndani ya karatasi ya plastiki. Nilisimama kusoma nikitoka sokoni. Mwandiko ulikuwa ule ule mzuri, wino wa bluu, bila mtetemo hata kidogo. Banda la gari, futi nane kutoka mpakani, mpaka ukiwa ni mti wa lusiola. Varanda haikutajwa popote. Nikageuza plastiki. Sahihi yangu ilikuwa ukurasa wa pili, kwa herufi kubwa, jina langu lote, chini ya mstari unaosema tumesoma na tumekubali.

Nilisoma tena. Nilizijua siku za tangazo, nilijua barua ya pingamizi inavyoandikwa, ilivyo lazima iiname, na kwamba ina jina. Kalamu ilikuwa kwenye pochi. Hakuna mtu Amalemba nzima aliyefundishwa jambo hilo vizuri kuliko mimi.

"Mwana wanje?"

Mama alikuwa varandani kwenye kiti chake, shali magotini. Maneno yalimtoka taratibu, upande mmoja wa mdomo. Karani alikuwa amesimama nyuma yake ameshika vishikio vya kiti, na aliponiona na ile plastiki mkononi hakukwepa macho. Aliniangalia tu, na polepole akakisogeza kile kiti mbele, mpaka Mama akawa kati yetu.

"Umekuja kuona njia yangu?" Mama akauliza. "Karani anasema imebaki siku tisa. Anasema wewe ndiye ulisaini."

Niliiachia plastiki, ikarudi kulala juu ya lango.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Nilisaini."